"Afe Punda, Mzigo wa Bwana Ufike?" Ukwato Mmoja Ulivyotufunza Lamu

Bila shaka umewahi kuisikia methali isemayo "Afe punda, mzigo wa bwana ufike." Huenda mwalimu wako wa Kiswahili alikupa uitungie kisa, nawe ukaandika habari za mfanyakazi anayenyanyaswa na tajiri wake, ukapata alama zako, ukaisahau. Mimi pia niliitungia kisa nilipokuwa mwanafunzi. Lakini punda mwenyewe, yule wa miguu minne na masikio marefu, sikuwahi kumfikiria hata siku moja. Aliyenifanya nimfikirie ni punda mmoja wa Lamu ambaye nilimkuta amevalishwa nepi ya mtoto mguuni.

Ilikuwa likizo ya Agosti, nami nilikuwa nimewaahidi wanangu wawili safari ya kisiwani. Tulitoka Mombasa kwa basi la alfajiri, tukapita Malindi, Garsen na Witu, hatimaye tukashuka Mokowe, mahali ambapo barabara hukoma na bahari huanza. Hapo msafiri hana budi kupanda boti, na kwa muda usiotimia nusu saa huanza kuuona mji wa Lamu ukijitokeza: nyumba nyeupe za ghorofa zilizobanana, minara ya misikiti, na majahazi yaliyotia nanga.

Tulipopanda gatini, mwanangu mdogo aliangaza huku na huku kisha akauliza, "Baba, mbona hakuna matatu?"

Naam, hakuna matatu. Pikipiki zimekwisha kuingia pembezoni mwa mji, lakini katika vichochoro vya Mji Mkongwe gari halina pa kupita. Vichochoro hivyo ni vyembamba kiasi kwamba ukikutana na punda aliyebeba mzigo, inakulazimu ubane mgongo ukutani apite. Ndiyo sababu moja ya mji huu kubaki na sura yake ya kale hata Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, likauingiza katika orodha ya turathi za ulimwengu mwaka 2001.

Basi kila kijacho Lamu kwa jahazi au boti huishia mgongoni mwa punda. Mawe ya matumbawe, mchanga, saruji, boriti, kreti za soda, mitungi ya gesi, magunia ya unga, hata taka. Mizigo ya mchanga na kokoto hutiwa katika shogi, yaani ule mkoba mkubwa unaoning'inia pande zote mbili za mnyama. Waamu wenyewe wana utani wao kwamba mtu asiye na punda ni punda, maana atalazimika kujibebea mwenyewe.

PUNDA ALIYE LIKIZO

Tulipanga chumba mtaa wa Langoni. Siku ya tatu tukataka kwenda Shela, kijiji kilicho mwendo wa kama dakika arobaini kwa miguu kando ya bahari, nami nikaona heri tukodi punda wa kubeba mizigo na huyo mdogo akichoka. Mwenyeji wetu akatuelekeza kwa mzee mmoja nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Tulimkuta barazani akisuka kamba. Baada ya salamu na kujuliana hali, nikamweleza haja yangu. Akacheka kidogo.

"Punda yuko, mwanangu," akasema, "lakini yuko likizo kama nyinyi."

Akatuongoza uani. Hapo, chini ya kivuli cha mwembe, alisimama punda wa rangi ya majivu mwenye mstari mweusi mabegani. Chini yake palimwagwa mchanga laini, kina cha kuzamisha kwato. Na mguu wake wa mbele wa kushoto ulikuwa umefungwa nepi ya mtoto, juu yake kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, kisha utepe wa kunata ukazungushwa mara kadhaa. Wanangu walicheka hadi machozi.

"Chekani, wajukuu zangu," akasema mzee. "Hata nyanya yenu huko ndani alicheka. Nilipokwenda dukani kununua pakiti ya nepi niliulizwa mtoto ana miezi mingapi. Nikasema ana miaka tisa na anakula pumba."

Lakini kicheko kilimwisha upesi alipoanza kutueleza chanzo cha mambo. Mwezi mmoja na siku kadhaa kabla ya sisi kufika, alikuwa amepata kazi ya kuhamisha kifusi cha nyumba kuukuu iliyokuwa ikibomolewa. Kifusi kilikuwa na boriti za zamani zenye misumari. Jioni moja punda akarudi akienda polepole. Asubuhi ya pili akasimama katikati ya kichochoro, akakataa kuendelea.

"Nikadhani ni ukaidi," mzee akasema. "Si unajua punda anavyosemwa? Nikamtia fimbo, akaenda. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Siku tatu nilimpiga, na siku tatu alikwenda na mzigo wangu. Siku ya nne hakuinuka."

Akanyamaza kitambo, akampapasa mnyama shingoni.

"Gharama ni gharama, mwanangu, hulipika. Linaloniuma ni ile fimbo."

KWA NINI HAKULIA

Hapa, msomaji, yafaa tumwelewe punda. Asili yake ni punda mwitu wa nchi kavu za pembe ya Afrika, ambako mnyama anayechechemea hadharani hugeuka chakula cha mwingine. Kwa hiyo kimaumbile punda huficha maumivu. Farasi aliyeumia huonyesha mapema, tena huenda akahangaika na kutoka jasho. Punda hunywea tu. Hula polepole, hulala kuliko desturi yake, huhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, masikio yakalegea. Asiyemjua humwita mvivu au mkaidi.

Na maumivu ya ukwato si ya mchezo. Ukwato ni kama ukucha mnene unaokizunguka kidole kizima. Ndani yake mna mfupa, na mfupa huo haukukalia wayo kama kiti sakafuni. Umening'inizwa. Umeshikamana na ukuta wa ukwato kwa mamia ya vijikunjo vyembamba vinavyoingiliana, mfano wa kurasa za vitabu viwili ulivyovifungua ukavisukumiza pamoja. Uzito wa mnyama na mzigo wake wote huning'inia katika kurasa hizo.

Sasa fikiria jipu likitunga humo. Jipu la mkononi hufura, ngozi ikatanuka. Ukuta wa ukwato hautanuki. Usaha hukosa pa kwenda, ukabana ndani usiku na mchana. Ikiwa umewahi kuumwa na jino lenye usaha, basi fikiria unalitembelea jino hilo, na mgongoni una mfuko wa saruji.

Kijana mmoja wa Lamu aliyesomea utabibu wa mifugo ndiye aliyeitwa siku ile ya nne. Aliusafisha wayo, akaukwangua kwa kisu chenye ncha iliyopinda, akakuta kitundu cheusi kisichozidi punje ya mtama. Alipokipanua kidogo, usaha ukachuruzika. Mzee anasema punda alishusha pumzi ndefu, na katika muda wa saa moja akajaribu kuukanyagia mguu ule.

Kabla ya yote kijana alimdunga sindano ya kukinga pepopunda. Wanangu walishtuka kulisikia jina hilo, maana wao walilijua kwa chanjo zao za utotoni. Wazee wetu hawakubahatisha kuuita ugonjwa ule hivyo. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika samadi, hupenda vidonda vyembamba vyenye kina visivyopata hewa, na farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao upesi kabisa. Msumari wayoni ndio mlango wake hasa.

MGUU MZIMA NDIO WA KUOGOPWA

Siku ya pili ya urafiki wetu na mzee, kijana yule alikuja kubadilisha nepi, nasi tukaomba ruhusa ya kutazama. Cha ajabu ni kwamba hakuanza na mguu mgonjwa. Aliinama akashika ukwato wa kulia, ule mzima, akauwekea kiganja kusikiliza joto, kisha akabonyeza vidole viwili nyuma ya kifundo kupima mpigo wa damu.

"Huu ndio ulionikosesha usingizi," akaniambia. "Akikwepa kukanyagia huu wa kushoto, uzito wote unakwenda kulia. Ule mguu ukibebeshwa mno siku nyingi, zile kurasa za ndani huwaka moto na kuachana. Mfupa unashuka. Hapo utamwuguza wa kushoto apone, afe kwa wa kulia."

Maneno yake yalinikumbusha farasi mmoja wa Marekani aliyeitwa Barbaro. Farasi huyu alishinda mbio mashuhuri za Kentucky Derby mwezi Mei 2006. Majuma mawili baadaye, tarehe 20 Mei, akavunjika mguu wa nyuma wa kulia katika mbio za Preakness mjini Baltimore. Alikimbizwa katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako daktari Dean Richardson aliunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu 27. Mguu ule uliovunjika ukaanza kuunga vizuri. Lakini ilipofika Julai, kurasa za ukwato wa kushoto, ule uliokuwa mzima, zikaachana, ikabidi sehemu kubwa ya ukwato ikatwe. Alipambana miezi kadhaa, akining'inizwa kwa mikanda ili miguu ipumzike, hadi kwato za mbele nazo zikashikwa. Tarehe 29 Januari 2007 wenye farasi wakaamua alazwe usingizi wa milele. Fedha hazikukosekana, wala madaktari hawakukosekana.

Ugonjwa huo wa kurasa za ndani haufuati mzigo wa mguu mmoja tu. Mara nyingi huletwa na ulaji: mnyama aliyevunja ghala akala nafaka nyingi, aliyenona kupita kiasi, au aliyefunguliwa katika malisho yenye sukari nyingi. Ndiyo sababu hata farasi anayelishwa vizuri na asiyebeba gunia maisha yake yote anaweza kuupata.

DAWA ZISIZOKAA KWENYE CHUPA

Nilitarajia kijana yule atoe mkoba wa dawa za kila rangi. Dawa za chupa zilikuwepo, lakini chache. Kazi kubwa ilifanywa na vitu ambavyo ungeviona ukipita usivitambue kuwa ni matibabu.

Cha kwanza ni mchanga. Mtoto wa kiume wa mzee aliubeba kwa ndoo, safari baada ya safari, ili punda asisimame juu ya sakafu ngumu. Mchanga laini hujaa chini ya wayo ukaubeba, hata uzito ukagawanyika badala ya kuangukia ukingo wa ukwato peke yake. Isitoshe, mgonjwa hupata hamu ya kulala chini, na kila saa anayolala ni saa ambayo kwato hazibebi kitu. Kwa ule mguu wa kulia, kijana aliongeza kipande cha sponji ngumu alichokikata kwa umbo la wayo, akakifunga kwa utepe.

Cha pili ni barafu. Siku ile alipouona ukwato wa kulia umeanza kuwa moto, alimtuma mtoto wa mzee kwa wavuvi akanunue barafu ya samaki. Mguu ukatiwa ndani ya gunia lililojaa barafu na maji, ikawa kazi ya nyumba nzima kuongeza barafu zamu kwa zamu, mchana na usiku, siku mbili mfululizo. Si ushirikina huo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuupoza mguu wa farasi mapema, kwa barafu isiyokatika, hupunguza madhara ndani ya ukwato. Neno muhimu hapo ni mapema. Barafu ya wiki ya tatu hupoza maumivu tu, kama ikifaa kitu.

Cha tatu ni ile nepi. Kitundu kilipokuwa kikitoa usaha, kijana alikuwa akiuloweka ukwato kwa muda mfupi katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akaukausha, akauweka dawa, kisha nepi ikafyonza unyevu na mpira wa baiskeli ukazuia uchafu. Mwanangu mkubwa akauliza kwa nini wasimpeleke tu punda baharini, kwa kuwa chumvi ni ile ile na Waamu huwaosha punda wao pwani kila siku.

"Swali zuri," kijana akamjibu. "Lakini ukwato wa punda hunywa maji kuliko wa farasi. Uliumbiwa nchi kavu. Ukiloweka kutwa unalainika kama sabuni, uchafu ukaingia. Na pwani kuna kila kitu, hata misumari."

Cha nne ni chakula. Mzee, kwa huruma na kwa majuto, alikuwa ameanza kumletea mgonjwa mahindi, maganda ya maembe na vipande vya miwa. Kijana alimkataza. Sukari na nafaka nyingi ndizo zinazowasha moto kwenye zile kurasa. Mgonjwa asiyefanya kazi apewe nyasi kavu na mabua, maji safi, basi. Lakini asishindishwe njaa pia. Punda akikaa bila kula, hasa aliyenona, mafuta ya mwili humiminika katika damu, ini likalemewa, akafa kwa njaa ya siku chache huku ukwato wake ukipona.

Cha tano kiliwafurahisha sana wanangu. Mbuzi? La. Ni punda wa pili. Punda hufungamana wawili wawili, na ukimtenga mmoja na mwenzake huacha kula kwa huzuni. Mwenza wa mgonjwa wetu alikuwa punda jike wa jirani. Kila jioni baada ya kazi jike huyo aliletwa uani, wakasimama shingo kwa shingo, wakachanuana manyoya kwa meno. "Huyo ndiye nesi wangu," kijana alisema.

Aidha, kila asubuhi mtoto wa mzee alimpiga brashi na kumkanda mabega na mgongo, maana mnyama anayekwepa mguu mmoja hukakamaa misuli ya kwingine. Ng'ambo, farasi wa thamani hufanyiwa zaidi ya hayo: hutiwa sindano za Kichina, huogeleshwa katika vidimbwi maalumu, huvalishwa viatu vya mpira. Baadhi ya mambo hayo humliwaza mgonjwa, lakini hakuna mkono wa kukanda mgongo utakaoshikanisha kurasa zilizoachana. Kijana alikuwa mkweli kuhusu hilo, nami nikampenda kwa ukweli wake.

Na dawa ya maumivu je? Alipewa, iitwayo fenilbutazoni, inayotumiwa sana kwa farasi. Kipimo si cha kukisia. Mwilini mwa punda dawa hiyo huisha upesi kuliko mwilini mwa farasi, na ikizidi huchoma tumbo na figo. Usije ukampa mnyama wako vidonge vyako mwenyewe.

DAWA ILIYO GHALI KULIKO ZOTE

Jioni moja, tukinywa kahawa chungu barazani, nilimwuliza mzee ni lipi lililokuwa gumu zaidi. Nilidhani atataja barafu au nepi.

"Kungoja," akajibu.

Akanisimulia kwamba katika wiki ya pili, usaha ulipokwisha na dawa ya maumivu ikafanya kazi, punda alianza kutembea uani kama asiye na neno. Siku hiyo hiyo akaja fundi wa ujenzi na kazi ya kupandisha saruji kutoka gatini. Ilikuwa kazi ya siku nne, na malipo papo hapo. Mzee alikuwa na deni la unga na sukari dukani, na mjukuu anayetakiwa karo. Akamfungua punda.

"Mwanangu huyu akasimama mlangoni. Akaniambia, 'Baba, dawa imemnyamazisha, haijamponya. Ukimtoa leo, mwezi ujao hutakuwa na punda.' Nilikasirika, nikataka kumsukuma. Kisha nikaikumbuka ile fimbo. Nikamfunga punda, kazi ikaenda kwa mwingine."

Msomaji, hapo ndipo nilipoielewa habari nzima. Ukwato wa farasi hukua takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Kwa hiyo, kurasa zikiachana, ukuta mpya huchukua miezi 9 hadi mwaka kushuka kutoka juu mpaka chini. Jipu la msumari huchukua majuma, kama halikufika mfupani. Katika muda wote huo fundi wa kwato hana budi kuja mara kwa mara na tupa yake, apunguze ncha ya mbele isiuvute ukuta mbali na mfupa. Hakuna sindano ya kuuharakisha ukwato. Barafu, mchanga, nyasi kavu na nepi, vyote hivyo vinaununua muda. Na kwa mtu anayekula kwa mgongo wa punda mmoja, muda ndio dawa ghali kuliko zote.

Wapo wanaoshindwa kuilipa, nami siwezi kuwalaumu kwa urahisi. Machinjio ya punda yalipoanza kufunguliwa humu nchini mwaka 2016 kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China, punda anayechechemea alipata mnunuzi wa papo hapo. Serikali iliyapiga marufuku mwaka 2020, na mwaka uliofuata mahakama ikaitangua amri hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Mzee wetu alivuka kwa njia nyingine. Mwanawe alikwenda kusukuma mkokoteni gatini. Yule jirani mwenye punda jike alimwazima kila Jumanne na Ijumaa, naye mzee akamlipa kwa kumsukia kamba. Mwenye duka akakubali kungoja. Na matibabu ya wanyama Lamu yana historia ya kusaidiwa: mwaka 1987 shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa na Bi Elisabeth Svendsen mwaka 1969, lilifungua kituo cha kutibia punda bila malipo pale mjini. Tangu hapo Waamu wengi wamekuwa wakijua kwamba punda ana daktari.

SIKU YA KUONDOKA

Asubuhi ya mwisho bahari ilikuwa imekupwa. Tulishuka pwani na mizigo yetu tukamkuta mzee, mwanawe, kijana wa mifugo na punda mwenyewe. Nepi ilikuwa imetolewa. Wayo ulikuwa umekauka na kile kitundu kimejaa ukwato mpya mgumu. Punda alitembezwa juu ya mchanga ulioachwa na maji, hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi, huku kijana akiwa amechuchumaa akitazama miguu tu. Mgongoni alikuwa na shogi tupu.

"Mchanga wiki mbili," kijana akaamuru. "Halafu mzigo wa mtoto. Saruji, mpaka niseme mimi."

"Nimesikia, daktari," mzee akasema, kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha kufunzwa na mwanawe.

Mwanangu mdogo aliomba ruhusa ya kumpanda kwa kuwa yeye si saruji. Alikataliwa kwa kauli moja.

Nilirudi Nairobi na macho mapya. Huna haja ya kwenda Lamu, msomaji, ili uwaone punda. Wapo katika vitongoji vyetu, wakivuta mikokoteni ya maji kila bomba linapokauka, wakisimama juu ya lami tangu alfajiri. Mara ijayo unaponunua mtungi wako, tazama chini. Je, kwato zimerefuka na kupinda juu kama makubadhi? Je, anahamisha uzito mguu hadi mguu? Je, amesimama akiegemea nyuma kana kwamba anaogopa kukanyagia mbele? Ukiona hivyo, mwambie mwenyewe kwa upole amwite daktari wa mifugo mapema. Usimtukane, kwa kuwa huenda hajui. Huyo naye ana deni dukani. Na ikiwa jibu lake ni kwamba punda huyo ni mkaidi tu, msimulie habari za mzee wa Langoni na fimbo yake.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Yule wa Langoni sikumwona akimpiga mtu teke. Tulipokuwa tukipanda boti aliinua kichwa akalia kwa sauti iliyojaza pwani nzima, na kutoka ndani ya mji punda jike akamwitikia.